Ukifika Amani, Simama: Ushauri kwa Anayetaka Kutembea Msituni

Maswali mawili yananifuata kila likizo inapokaribia. La kwanza ni la aliyekwisha kwenda: "Tulipanda Amani, tukatembea asubuhi nzima, hatukuona kitu. Tulikosea wapi?" La pili ni la ambaye hajaenda: "Hakuna simba, hakuna twiga. Nikatazame nini huko, miti?"

Nimewajibu watu hawa mmoja mmoja kwa miaka, barazani, kwenye simu, hata nikiwa ndani ya basi. Leo nayaweka majibu pamoja. Nayaandikia Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, wilayani Muheza, kwa sababu ndio msitu ninaoufahamu vizuri. Msomaji anayekwenda Kakamega au Arabuko-Sokoke kule Kenya atayaona mengi yanamfaa pia, kwani msitu mnene una tabia zake popote ulipo.

Unakwenda mahali gani hasa

Amani iko Usambara Mashariki, sehemu ya milima inayoitwa Tao la Mashariki. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake Tanzania, na leo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS. Eneo lake ni kama hekta 8,380. Inaanzia chini kabisa, mita 190 hivi kutoka usawa wa bahari, na kupanda hadi mita 1,130. Ndiyo maana asubuhi moja unaweza kuanza kwenye joto la Muheza ukamalizia kwenye ukungu unaokutaka uvae sweta.

Kumbuka hii si mbuga. Mbugani unakaa ndani ya gari na mnyama anaonekana toka mbali. Hapa unatembea kwa miguu, na mnyama yuko mita kumi kutoka ulipo lakini kati yenu kuna majani. Ukienda na matarajio ya Serengeti utarudi umenuna. Ukienda ukijua kwamba kuna ndege, vyura, vinyonga na maua ambayo hayapatikani popote duniani isipokuwa kwenye milima hii na majirani zake, utatembea kwa macho mengine.

Ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani asili yake ni huku. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire ndiye aliyelipeleka kwao miaka ya 1890, na jina la Saintpaulia likatokana naye. Watu wa Tanga wengi hawajawahi kuliona likiwa kwao, limekaa kwenye jiwe lenye kivuli kando ya kijito. Hilo peke yake linanitosha kumwambia mtu afunge safari.

Uende lini

Hakuna mwezi usio na mvua Amani. Kwa mwaka hunyesha karibu milimita 2,000, kwa hiyo usisubiri msimu mkavu kabisa. Chagua kwa kufuata unachotaka:

- Juni hadi Septemba: baridi ya wastani, ukungu wa asubuhi, njia zinapitika. Kwa mgeni wa kwanza, nenda wakati huu.
- Januari na Februari: joto zaidi, anga safi, mandhari ya mbali yanaonekana vizuri.
- Oktoba hadi Desemba, wakati wa vuli: utelezi, lakini vyura na vinyonga ni wengi.
- Machi hadi Mei, masika: barabara inakuwa ngumu na mito inajaa ghafla. Mwenye gari dogo asijaribu.

Jambo lililo kubwa kuliko mwezi ni idadi ya siku. Watu wengi huja asubuhi kutoka Tanga, hufika saa nne, hutembea katikati ya mchana, saa tisa wanageuza. Saa hizo ndizo msitu unapolala. Wanaolalamika kwamba hawakuona kitu, karibu wote walikuja hivi. Lala angalau usiku mmoja, ikiwezekana miwili. Ukilala, utapata saa mbili za alfajiri, saa mbili za jioni na saa moja ya usiku, na hizo tano zinazidi siku nzima ya jua kali.

Kufika na kulipa

Muheza iko kwenye barabara kuu ya Segera kwenda Tanga. Kutoka Muheza mjini hadi Amani ni kama kilomita 35. Utapita mashamba ya michungwa, kisha lango la Sigi bondeni, halafu kona na mlima mpaka juu.

Kwa basi: desturi ya mabasi ya Amani ni kupanda kutoka Muheza mchana na kushuka alfajiri. Usiamini neno langu wala la mtu mwingine kuhusu saa kamili. Uliza stendi ya Muheza siku moja kabla, kwa sababu mvua moja kubwa hubadilisha ratiba nzima. Ukilikosa, zipo bodaboda, ila mlima ule na mzigo mgongoni si mzaha. Panga bei kabla ya kupanda na umwambie dereva aende taratibu.

Kabla hujaondoka mjini:

- Chukua fedha taslimu Muheza. Huko juu usitegemee benki.
- Beba kitambulisho cha taifa. Raia, wakazi na wageni hutozwa viwango tofauti, na bila kitambulisho huna cha kuonyesha.
- Piga simu hifadhini kuuliza viwango vya siku hiyo na kuweka nafasi ya kulala. Kuna nyumba za wageni Sigi na Amani, na unaruhusiwa kupiga hema mahali palipotengwa.
- Agiza chakula mapema. Mpishi hapiki kwa kubahatisha, na ukifika saa mbili usiku bila taarifa utalala na biskuti.
- Lipa kwa namba ya malipo ya serikali na utunze stakabadhi. Mtu akikutaka umpe fedha mkononi "ili mambo yaende haraka", kataa kwa upole, omba namba.

Ukisimama Sigi, usipite tu. Jengo la zamani pale lilikuwa la stesheni ya reli ya Wajerumani iliyojengwa kubeba mbao za msitu huu. Reli haipo tena. Nafurahi kwamba miti iliyobaki ina mlinzi, na huwa nawaomba wageni wasimame hapo dakika chache kabla ya kuingia, wajue miti hiyo iliponea nini.

Uvae nini, ubebe nini

Kosa la viatu ndilo linaloharibu safari nyingi. Udongo wa Amani ni mwekundu, wa mfinyanzi, ukilowa ni kama sabuni. Raba nyeupe za mjini hazishiki. Nilianguka mara tatu katika saa moja siku yangu ya kwanza, nikiwa nimevaa raba za namna hiyo, na mzee mmoja wa kijijini aliyekuwa amevaa mabuti ya mpira akanipita kwa mwendo wa kwenda sokoni. Tangu hapo nami huvaa mabuti ya mpira. Ni rahisi, yanapatikana soko lolote, na siafu hayawapi pa kuingilia.

Mwilini:

- Suruali ndefu nyepesi, isiyobana. Jinzi ikilowa ni nzito na haikauki.
- Soksi ndefu, na suruali uichomeke ndani ya soksi. Utaonekana mshamba, kubali.
- Shati la mikono mirefu, rangi ya majani, udongo au kijivu. Nyekundu na nyeupe zinakutangaza toka mbali.
- Sweta au fulana nzito kwa jioni.
- Koti la mvua. Mwavuli unafaa barabarani, msituni unanasa.

Mkobani:

- Maji lita moja na nusu kwa mtu mzima kwa nusu siku.
- Chakula kisicho na kelele za karatasi: ndizi, viazi vilivyochemshwa, karanga.
- Tochi ya kufunga kichwani na betri za akiba.
- Dawa ya kufukuza mbu, bandeji, dawa zako za kila siku.
- Darubini ikiwezekana. Kama huna, azimeni moja kwa kundi zima.
- Mfuko wa kitambaa wa taka zako. Usije na mifuko ya plastiki, ilipigwa marufuku nchini toka Juni 2019.

Simu njoo nayo, lakini usiitegemee. Mtandao unakatika mara tu unapoingia bondeni. Mwachie mtu wa nyumba ya wageni jina la njia mnayokwenda na saa mnayotarajia kurudi.

"Mimi ni mwenyeji wa Tanga, mwongozaji wa nini?"

Hili ndilo pingamizi ninalolisikia zaidi, na naelewa linapotoka. Mtu ameshalipa kiingilio, sasa anaona analipishwa tena kutembea nchini mwake. Jibu langu ni moja: bila mwongozaji utaona kijani kibichi na kijani kilichoiva, basi.

Waongozaji wa Amani wengi ni watu wa vijiji vilivyo kandokando. Wamekulia humo. Mwongozaji anasimama ghafla, anakuonyesha jani lililokauka, halafu jani linafumbua jicho. Anajua mti upi una matunda wiki hii, na kwa hiyo hondohondo wako wapi. Anajua njia ipi imekatwa na mti ulioanguka juzi. Wewe na mimi, hata tukiwa Watanga wa vizazi saba, hayo hatuyajui.

Namna ya kumpata na kufanya naye kazi:

1. Mwombe kupitia ofisi ya hifadhi, si barabarani.
2. Mkae jioni kabla ya safari. Mwambie unachotaka: ndege, vinyonga, miti ya dawa, au kutembea tu. Ukinyamaza, atakupeleka njia ya kila mtu.
3. Sema uwezo wako kweli. Goti bovu litaje mapema, si katikati ya mlima.
4. Mkubaliane malipo na saa za kuanza. Saa kumi na mbili asubuhi iwe saa kumi na mbili.
5. Mwache atangulie. Akiinua mkono, simama hapo ulipo, hata mguu ukiwa hewani.

Namna ya kutembea ili uone

Sasa nimefika kwenye lile swali la kwanza, na hapa nitakaa.

Tuliozoea safari za kwenda mahali, miguu yetu ina haraka. Tunatoka tukiuliza, "Ni kilomita ngapi?" Msituni swali hilo linakupoteza. Kilomita tatu kwa saa tatu ni mwendo mzuri. Kilomita kumi kwa saa tatu ni mazoezi, ungeyafanya ufukweni ukabaki na nauli yako.

Fanya hivi. Tembea hatua mia, simama. Ukisimama, usiongee wala usitoe simu. Dakika ya kwanza utasikia pumzi zako. Ya pili utasikia wadudu. Ya tatu, wale walionyamaza kwa sababu yako wanaanza tena, na hapo ndipo unaanza kuwa ndani ya msitu. Kabla ya hapo ulikuwa unapita tu. Mara moja kila saa, kaa kabisa dakika kumi kwenye gogo, ukishalikagua kama halina siafu.

Tumia masikio kabla ya macho. Alfajiri mbega huunguruma, sauti nzito ya kukoroma inayotoka mti hadi mti, na mgeni hudhani ni chura mkubwa au mashine. Ifuate kwa macho, sio kwa miguu: tazama matawi ya juu yanayotikisika pasipo upepo, utaona mikia mirefu yenye ncha nyeupe ikining'inia. Hondohondo anaporuka, mabawa yake yanavuma kama gari moshi linalohema. Ukisikia mvumo huo, inua kichwa hapohapo, una sekunde mbili.

Tazama chini pia. Ganda la tunda lililotafunwa na bado bichi maana yake juu yako kuna mlaji. Mti wenye matunda yaliyoiva ni bora kuliko kilomita tano za kutembea: kaa chini yake saa nzima, nao watakuja zamu kwa zamu, kima, hondohondo, na shorobo, yule ndege wa kijani ambaye akifungua mabawa yanatoka mekundu.

Ndege wadogo wana siri yao, na asiyeijua hukata tamaa. Wanasafiri kwa misafara ya aina mchanganyiko. Nusu saa nzima msitu mtupu, kisha ghafla ndege thelathini wamekuzunguka, mramba akiwa mmoja wao, wengine wakipekua majani, wengine magome. Baada ya dakika kumi wamekwisha kupita. Watu wengi wakiukuta msafara huanza kuukimbilia, wakaufukuza. Wewe ganda. Mara nyingi utapita juu ya kichwa chako. Ndimo anamoweza kutokea chozi wa Amani, ndege mdogo aliyebeba jina la mahali hapa, na mgeni wa kutoka Uholanzi au Marekani anavuka bahari kwa ajili yake.

Kama una watu wenye mazungumzo mengi kwenye kundi, gawanyeni. Watu wanne kwa mwongozaji mmoja ni wengi wa kutosha. Kundi la kumi na watano la safari ya ofisi litaona migongo ya wenzake.

Usiku, tochi na vinyonga

Nikiambiwa nichague saa moja tu ya kukaa Amani, ningechagua ile ya baada ya isha. Usitoke peke yako: mwongozaji ni lazima na ruhusa ya ofisi ni lazima.

Mchana kinyonga amejificha kwa rangi yake. Usiku akilala rangi inapauka, na mwanga wa tochi ukimpiga anang'aa mweupe kwenye ncha ya tawi. Pepesa tochi polepole pembeni mwa njia, ukianzia usawa wa goti, maana wale wadogo kabisa, wenye urefu wa kidole na rangi ya jani kavu, hulala chini. Wakubwa, dume likiwa na pembe mbili puani, wako juu zaidi.

Najua kwetu kinyonga anaogopwa. Nimemwona mtu mzima akikimbia. Kinyonga hana sumu wala hatemi chochote. Anayestahili kuogopa ni yeye, kwa hiyo usimng'oe kwenye tawi ili upige naye picha, na usimmulike usoni kwa zaidi ya dakika moja. Amelala.

Usiku huohuo unaweza kubahatika kuona chura mdogo ambaye hatagi mayai majini kama wenzake. Anazaa watoto hai, vyura kamili, wadogo kuliko punje ya mchele. Nikisimulia hili watu hudhani natia chumvi. Mwulize mwongozaji.

Njia gani ya kuchagua

- Bustani ya mimea, Amani: ardhi ni ya wastani, njia pana. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti hapa mwaka 1902 wakapanda miti ya kutoka kila bara. Utakuta mdalasini, mikafuri, mianzi mikubwa, na mkwinini, ambao magome yake yalitengenezewa kwinini hapahapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Yafaa siku ya kwanza, na yafaa kwa wazee.
- Kilima cha Mbomole: mwendo mfupi kutoka Amani, mpando kiasi. Nenda mapema kabla ukungu haujafunga, uone mabonde na mashamba ya chai.
- Sigi hadi Amani kwa miguu: hii ndiyo ninayoipenda. Unapanda mita mia nne au tano, na miti inabadilika jinsi unavyopanda. Goti bovu liishuke kwa gari, usiishuke kwa miguu baada ya mvua.
- Njia za vijijini zinazopita kwenye iliki, karafuu na pilipili manga: utanunua viungo kwa aliyevilima.

Mwenye watoto wa chini ya miaka saba abaki kwenye bustani na kingo za mto akiwa ameshikwa mkono. Mpe mtoto kazi: ahesabu konokono, atafute jani kubwa kuliko kichwa chake. Mtoto mwenye kazi halii njiani.

Hatari: za kweli na za kuogopwa bure

Kila mtu huniuliza kuhusu nyoka. Wapo, na wengine wana sumu kali. Lakini katika miaka yote niliyokwenda, walioumia nilioshuhudia waliumizwa na utelezi. Mkumbuke nyoka, lakini ogopa mteremko.

- Utelezi. Azima fimbo. Shuka kwa hatua fupi, mguu upande upande. Usishike mti bila kuutazama, mingine ina miiba.
- Siafu. Ukiona mstari mweusi njiani, uvuke kwa hatua moja ndefu, usisimame kuutazama. Wakikupanda, kwanza ondoka walipo, ndipo uwatoe. Anayesimama palepale akijipukuta anazidi kupandwa.
- Upupu. Ganda lenye manyoya ya kahawia, linalowasha vibaya. Likikugusa, usijikune na usijipanguse macho. Osha kwa maji mengi.
- Mto. Mvua ikinyesha juu, maji ya bondeni yanapanda huku kwenu jua linawaka. Maji yakigeuka rangi, toka.
- Upepo. Matawi makavu yanaanguka. Usiketi chini ya mti uliokufa.
- Mbu. Ubaridi wa mlimani usikudanganye. Muheza na bonde la Sigi ni nchi ya malaria. Lala ndani ya neti. Ukipata homa hata wiki tatu baada ya kurudi, nenda ukapime na useme ulikuwa wapi.
- Nyoka. Weka mguu mahali unapopaona. Ruka gogo kwa kulipanda kwanza, usilivuke bila kuona upande wa pili. Mtu akiumwa: mlaze, kiungo kisitikisike, vua pete na viatu, mfikisheni hospitali Muheza haraka. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza.

Makosa yanayojirudia

Spika ya muziki. Sijui nani alianzisha mtindo wa kutembea msituni na spika begani. Kila mnyama katika nusu kilomita anaondoka, na watu wengine waliolipa kama wewe wamenyang'anywa siku yao. Iache nyumbani.

Kuchuma. "Kamche kamoja tu ka lile ua." Kila aliyekuja na kisu kidogo alisema kamoja tu. Baadhi ya maua hayo yanaishi kwenye mwamba mmoja au miwili, na yakiisha hapo yameisha. Kuchukua mmea, mbegu, konokono au kinyonga ni kosa kisheria pia.

Kulisha kima. Kima akishaonja mkate, kesho anaingia jikoni kwa mama wa kijijini, na hapo anapigwa. Umemponza wewe.

Kuruka njia ili upate picha. Unakanyaga miche ambayo huioni. Droni nayo haipai bila kibali.

Na kuna kosa la kudhani kila kilicho kijani kipo sawa. Muulize mwongozaji akuonyeshe muhesi, mti ulioletwa kupandwa ukasambaa msituni, mbegu zake zikibebwa na hondohondo haohao tunaowapenda. Kisha akuonyeshe msambu, wa hapahapa, ambao mbegu zake zina mafuta na watu huziokota kuziuza. Ukiweza kuitofautisha miti hiyo miwili, umeanza kuusoma msitu.

Watu wa hapa

Hifadhi imezungukwa na vijiji vya Wasambaa, Wabondei na wengine waliokuja kufanya kazi kwenye chai. Ulinzi wa msitu umewagharimu. Katika ushoroba wa Derema, kwa mfano, wakulima waliacha mashamba yao ya iliki ili misitu iungane. Maji ya Mto Sigi yanayotoka humu ndiyo yanayonywewa Tanga mjini. Kwa hiyo sisi wa mjini tuna deni kwao, na tunapofika kijijini tusiingie kama tumefika kwenye maonyesho.

- Wasalimie wakubwa kwa shikamoo kabla ya kuuliza njia.
- Vaa kwa heshima kijijini, hata kama msituni ulikuwa umekunja suruali.
- Omba ruhusa kabla ya kupiga picha mchuma chai, na ukikataliwa, shukuru uendelee.
- Nunua kwao: iliki, mdalasini, ndizi, chai ya jioni. Usipunguze bei mpaka mwenye mali akaona haya.

Siku ya kuondoka

Basi linashuka alfajiri, kwa hiyo fungasha usiku. Lipa deni la chakula usiku huohuo, usimwamshe mpishi. Taka zako zote shuka nazo hadi Muheza.

Kabla ya kulala, kaa kibarazani na kijiti na ndoo ya maji, ukwangue mabuti yako. Toa udongo wote kwenye nyayo, tazama soksi na mapindo ya suruali, uokote mbegu zilizoganda. Zinaweza kuota kwenye msitu mwingine utakaokwenda mwezi ujao, na wewe ukawa hondohondo wa muhesi bila kujua. Ukimaliza zima tochi, ukae kidogo gizani kabla ya kuingia ndani. Saa hizo bundi huanza kuita kutoka upande wa bustani.